Maswali ya Wasomaji: Nani Anasimulia, Naye Anajua Kiasi Gani?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa walimu wa fasihi, chache kwa wazazi na wanafunzi, na karibu zote zinagusa jambo moja: nafsi ya usimulizi. Zinazofanana tumeziunganisha, na zile ndefu tumezifupisha.

Wakiona "nimechoka" popote, wanaandika nafsi ya kwanza

Swali: Nimewafundisha kwamba "mimi" na "sisi" ni nafsi ya kwanza, "wewe" na "ninyi" ya pili, "yeye" na "wao" ya tatu. Wamezikariri vizuri. Lakini nikiwapa kifungu cha hadithi, wengi wanakosa, hasa palipo na mazungumzo. Nibadilishe nini? *(Mwalimu, shule ya sekondari)*

Jibu: Badilisha mambo mawili, Mwalimu: mahali wanapotazama, na kitu wanachokitafuta.

Tuanze na mahali. Maneno ya wahusika hayahesabiwi. Mhusika yeyote akifungua kinywa atasema "mimi", hata kama hadithi nzima ni ya nafsi ya tatu. Kabla mwanafunzi hajataja nafsi yoyote, apitie kifungu akiwa na penseli, ayazungushie maneno yote yaliyo ndani ya alama za kunukuu, ayafunike kwa kipande cha karatasi, kisha asome yaliyobaki. Kwa mfano:

*Zawadi alisimama mlangoni. "Nimechoka," alisema, "na sitaki kuulizwa maswali." Musa hakujibu. Aliinama akaendelea kufunga sanduku lake.*

Ukifunika mazungumzo, vinabaki vitenzi alisimama, alisema, hakujibu, aliinama, akaendelea. Hiyo ni nafsi ya tatu, hakuna ubishi. Sasa wape kifungu hiki, bila kuwaambia kilichobadilika:

*Zawadi alisimama mlangoni. "Nimechoka," alisema, "na sitaki kuulizwa maswali." Musa hakujibu. Aliinama akaendelea kufunga sanduku langu.*

Neno moja tu limegeuzwa, na hadithi imehamia nafsi ya kwanza. Msimulizi yumo chumbani, sanduku ni lake, ingawa hakuna kitenzi hata kimoja nje ya mazungumzo kinachoanza na ni-. Wapeni wanafunzi vifungu hivi viwili kwa pamoja, bega kwa bega. Jozi ya namna hii hufundisha zaidi kuliko fasili yoyote itakayoandikwa ubaoni.

Hapo tumefika kwenye kitu cha kutafuta. Katika Kiswahili "mimi" na "yeye" hutajwa pale tu msemaji anapotaka kusisitiza. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta maneno hayo anaweza kusoma kurasa tatu asiyaone. Nafsi imekaa sehemu nne: kiambishi cha mtenda (ni-, tu-, u-, m-, a-, wa-), kiambishi hicho kikikanushwa (si-, hatu-, hu-, ham-, ha-, hawa-), kiambishi cha mtendwa katikati ya kitenzi (aliniita, alituona), na kivumishi cha kumiliki (-angu, -etu, -ako, -enu, -ake, -ao). Wanafunzi wengi hutazama ya kwanza tu. Hadithi inayosimuliwa na mtu aliyekaa pembeni akiwatazama wengine hujificha katika ya tatu na ya nne, na hapo ndipo alama zinapopotea.

Kuna mitego ambayo ni lazima muipitie darasani kwa mifano, kwa sababu herufi zilezile hufanya kazi nyingine:

- "ni" katika *huyu ni kaka yake*, na -ni ya *mlangoni* au ya *ondokeni*, hazihusiani na msimulizi;
- "tu" yenye maana ya "pekee" (*alibakiwa na shilingi tu*) si "sisi";
- u- katika *usiku uliingia* au *mlango ulifungwa* ni ya ngeli, si ya "wewe";
- hu- katika *huamka mapema* ni ya mazoea, ilhali hu- katika *hujui* ni ya kumkanushia "wewe";
- "si" katika *si kweli* haimtaji mtu, lakini si- katika *sijui* inamtaja.

Mtego wa u- ndio mbaya kuliko yote. Kifungu chenye *ukuta, mti, moyo, mkono* kitajaa u- za ngeli, na mwanafunzi mwenye haraka atatangaza nafsi ya pili. Dawa yake ni kuuliza kila mara: u- hii ni ya nani? Likipatikana nomino nyuma yake, ifutwe kwenye hesabu.

Angalizo la mwisho kuhusu mazungumzo. Vipo vitabu vinavyotumia kistari badala ya alama za kunukuu. Kistari hufungua usemi lakini hakiufungi, hivyo katika *– Nimechoka, alisema, na sitaki maswali* mwanafunzi analazimika kulitoa neno "alisema" katikati ya sentensi. Tengeni dakika kumi kwa zoezi hilo peke yake. Barua, shajara na ujumbe wa simu vilivyowekwa ndani ya hadithi navyo vifunikwe kama mazungumzo.

Kila nafsi ya tatu kwao ni "maizi"

Swali: Wanafunzi wangu wakishagundua kwamba ni nafsi ya tatu, wanaongeza "msimulizi maizi", yaani anayejua yote, moja kwa moja, kana kwamba maneno hayo yanakwenda pamoja. Nitawaonyeshaje tofauti? *(Mwalimu wa fasihi)*

Jibu: Wamejifunza jina kabla ya kuona kitu chenyewe. Viambishi vinatuambia nani anasema, lakini havituambii anajua kiasi gani. Mhakiki wa Kifaransa Gérard Genette aliyatenganisha maswali hayo waziwazi mwaka 1972: nani anasema ni swali moja, nani anaona ni jingine. Darasani, swali la pili linaweza kuulizwa kwa urahisi hivi: *tumeingia akilini mwa watu wangapi?*

Chukueni tukio moja na kulisimulia kwa namna tatu.

*(A) Halima alimkabidhi Rajabu bahasha na kurudi nyuma hatua moja. Alitamani aifungue upesi, jambo liishe. Rajabu aliigeuza mara mbili bila kusema neno. Huenda alikuwa amekasirika. Uso wake haukuonyesha chochote.*

*(B) Halima alimkabidhi Rajabu bahasha na kurudi nyuma hatua moja. Alitamani aifungue upesi, jambo liishe. Rajabu aliigeuza mara mbili, akihofia kwamba ni barua ya kumwachisha kazi. Hakuna kati yao aliyejua kwamba barua yenyewe ilikwisha kuchukuliwa, na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi tupu.*

*(C) Halima alimkabidhi Rajabu bahasha na kurudi nyuma hatua moja. Rajabu aliigeuza mara mbili. Hakuna aliyesema neno. Halima alitazama saa ya ukutani, kisha mlango.*

Viambishi ni vilevile katika vyote vitatu. Katika A tunayajua mawazo ya Halima peke yake. Rajabu tunamkisia kama anavyomkisia yeye. Huyo ni msimulizi mwenye mipaka. Katika B tumeingia akilini mwa wote wawili, na juu ya hapo tumeambiwa jambo ambalo hakuna aliyelijua. Huyo ndiye maizi. Katika C hatukuingia akilini mwa yeyote: tumepewa kinachoonekana na kusikika, basi. Tunamwita msimulizi wa nje, na wanafunzi humsahau kwa sababu hakuna kinachowagutusha. Wanamwona kama maizi asiye na maneno mengi.

Kazi ya mwanafunzi ni kupiga mstari kwa rangi mbili. Rangi ya kwanza ni ya vitenzi vya ndani, ambavyo mtu wa pembeni hawezi kuviona: aliwaza, alikumbuka, alitamani, alihofia, alitilia shaka, alijua. Rangi ya pili ni ya maneno ya kukisia: alionekana, huenda, labda, kana kwamba, ilielekea. Kisha juu ya kila mstari aandike jina la mhusika. Hatua ya jina isirukwe. Kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke, wala mtu wa kwanza na wa pili kutajwa. Katika *alitamani aifungue upesi* a- ya kwanza ni ya Halima na ya pili ni ya Rajabu. Mwanafunzi asiyeandika jina huchanganya watu kisha akajenga jibu zuri juu ya mtu asiye sahihi.

Rangi zikishawekwa, jibu linasomeka lenyewe. Jina moja lina vitenzi vya ndani na wengine wana maneno ya kukisia: mipaka. Majina mawili au zaidi yana vitenzi vya ndani: elekea kwa maizi. Hakuna rangi ya kwanza kabisa: wa nje.

Yapo maneno yatakayowasumbua: alikasirika, alifurahi, alishangaa, alichoka. Haya yanaweza kuwa ya ndani au ya nje. *Alikasirika akabamiza mlango* ni jambo ambalo hata jirani angelisema. *Alikasirika, ingawa usoni alitabasamu* haliwezi kujulikana bila kuingia ndani. Kwa hiyo neno la kundi hili lisikubaliwe kuwa ushahidi likiwa peke yake. Mwanafunzi aoneshe kilicholifuata. Machozi, jasho na kutetemeka ni vya nje siku zote, hata vikiumiza moyo wa msomaji kiasi gani.

Ushahidi mzito kuliko wote wa umaizi ni sentensi ya kutojua: *hakujua kwamba, hakuna aliyeona kuwa, laiti angegeuka*. Mtu asiyejua jambo hawezi kutuambia kwamba halijui. Lakini tahadhari: *sikujua wakati ule kwamba…* si umaizi. Hapo ni mtu wa nafsi ya kwanza anayesimulia baada ya miaka kupita, akiyajua leo aliyokuwa hayajui siku hiyo.

Tena, aya moja haitoshi kuhukumu kitabu. Msimulizi anaweza kukaa na mhusika mmoja sura nzima, kisha sura inayofuata akahamia kwa mwingine. Mkiwa na kifungu kifupi, jibu liseme "katika kifungu hiki", na hilo si woga, ni usahihi.

Kuna njia ya kuhakikisha?

Swali: Wanafunzi wangu wawili wamebishana kama kifungu fulani kina mipaka au la, na kila mmoja ana hoja. Mwamuzi awe nini? *(Mwalimu)*

Jibu: Badilisheni nafsi mkaone kama sentensi zitasimama. Roland Barthes, naye Mfaransa, alipendekeza jaribio la aina hii mwaka 1966, na kwa Kiswahili linafanya kazi vizuri kwa sababu mabadiliko yote yapo kwenye viambishi.

Chukueni kifungu A cha jibu lililotangulia. Halima awe "mimi": *Nilimkabidhi Rajabu bahasha na kurudi nyuma hatua moja. Nilitamani aifungue upesi… Huenda alikuwa amekasirika.* Kinasomeka bila kikwazo hadi mwisho. Sasa Rajabu awe "mimi": *Niliigeuza mara mbili bila kusema neno. Huenda nilikuwa nimekasirika. Uso wangu haukuonyesha chochote.* Imevunjika. Mtu hakisii hasira yake mwenyewe, wala hauoni uso wake. Anayesimama baada ya kubadilishwa ndiye ambaye hadithi imekaa akilini mwake.

Kifungu B kitavunjika kwa kila mmoja wao: ukimfanya Halima kuwa "mimi", hofu ya Rajabu na karatasi tupu vinabaki bila mwenyewe. Hiyo ni alama ya maizi. Jaribio lina udhaifu kwenye kifungu C, maana hakivunjiki kwa yeyote. Hapo rudini kwenye rangi na mhakikishe kwamba hakuna kitenzi cha ndani hata kimoja.

Zoezi la kuandika upya

Swali: Nikiwaambia wageuze hadithi kutoka nafsi ya tatu kwenda ya kwanza, wananiletea kazi yenye makosa ya sarufi na mambo yasiyowezekana. Je, zoezi hili lina faida? *(Mwalimu wa darasa la saba)*

Jibu: Lina faida kubwa, mradi ulikate mara mbili. Ukidai sarufi na maana kwa mkupuo mmoja, utapata nusu ya kila kimoja.

Raundi ya kwanza ni ya viambishi peke yake, kwa kifungu cha maneno 60 hivi. Chagueni mhusika mmoja awe "mimi". Yanayobadilika ni kiambishi cha mtenda (alifika, nilifika), cha mtendwa (walimwita, waliniita), ukanushi (hakujua, sikujua, hajui, sijui, asingeweza, nisingeweza), hali ya dhamiri (aende, niende) na vimilikishi (lake, langu). Kiambishi -ji- hakiguswi: *alijificha* inakuwa *nilijificha*. Makosa mengi yanatokea kwa mtendwa, kwa sababu mwanafunzi hubadilisha mwanzo wa kitenzi na kuuacha moyo wake, akaandika *walimwita* wakati aliyeitwa ni yeye. Kosa jingine ni kubadilisha kila a- inayoonekana, hata za wahusika wengine. Majina yaliyoandikwa juu ya vitenzi yanaokoa tena hapa.

Raundi ya pili ni ya ujuzi. Mwanafunzi asome alichoandika na kuuliza kila sentensi: ningelijuaje hili? Kama hadithi ilikuwa B, na yeye sasa ni Halima, sentensi *Rajabu alihofia kwamba ni barua ya kumwachisha kazi* haiwezi kubaki. Ana njia tatu: kuifuta, kuigeuza kuwa kitu kinachoonekana (*alikunja uso, vidole vikacheza kwenye ukingo wa bahasha*), au kuigeuza kuwa makisio (*nadhani alihofia*). Asikubaliwe kutumia njia ya tatu kila mahali. Hadithi ikijaa "nadhani" na "labda" huchosha, na mwanafunzi anakuwa amekwepa kazi ya kutazama.

Zoezi la kinyume, kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, ni rahisi mno kisarufi na halifichui mengi. Sisi tungeliacha, isipokuwa kwa wanaoanza.

Maswali yasiyo na msemaji

Swali: Nilikutana na maneno kama haya katika hadithi ya nafsi ya tatu: *Alitazama saa. Saa tatu kasoro. Kwa nini hakupiga simu? Kesho angesema nini mbele ya wote?* Hakuna alama za kunukuu. Nani anauliza? *(Mwanafunzi)*

Jibu: Umetazama vizuri. Anayeuliza ni mhusika, ila msimulizi ameyabeba maneno yake bila kumtambulisha kwa "aliwaza". Viambishi vimebaki vya msimulizi (hakupiga, angesema), lakini "kesho" ni ya mhusika: ni kesho ya yule aliyesimama mbele ya saa, wala si ya anayesimulia. Kila ukikuta leo, kesho, sasa au hapa vimekaa pamoja na vitenzi vya a- vya wakati uliopita, shuku jambo hili. Mshangao kama *loo* na lawama zisizo na mwenyewe pia ni dalili.

Ili uhakikishe, tanguliza "aliwaza" au "alijiuliza" mbele ya sentensi. Ikikubali bila kupotosha maana, hayo ni mawazo ya mhusika, na yahesabiwe kama kitenzi cha ndani. Usiyafunike kama mazungumzo. Kwa walimu: jambo hili lingoje mpaka darasa limudu rangi mbili, la sivyo litavuruga yote yaliyotangulia.

Nafsi ya pili ipo kweli?

Swali: Kitabu chetu kinaitaja lakini hakina mfano. *(Mwanafunzi wa sekondari)*

Jibu: Ipo, ila ni nadra. Ni pale "wewe" anapokuwa mhusika anayetenda: *Unafungua mlango. Hakuna mtu. Unaita mara ya pili, na sauti yako inakurudia.* Msimulizi anapogeuka na kusema *msomaji, usidhani alikuwa mjinga*, hiyo si nafsi ya pili. Amekusemesha tu, kisha anarudi kwenye hadithi yake. Vivyo hivyo *ukimpa mtu huyu siri, imeshatoka*: hapo u- ni ya mtu yeyote, kama tunavyosema katika maongezi ya kila siku.

Msimulizi anayesema "mimi" lakini hadithi si yake

Swali: Mwanafunzi aliniambia si nafsi ya kwanza kwa kuwa msimulizi hafanyi jambo lolote kubwa. Nilimjibu kwamba ni ya kwanza, lakini sikuweza kueleza vizuri. *(Mwalimu)*

Jibu: Ulimjibu sawa. Nafsi haitegemei ukubwa wa kazi ya msimulizi. Inategemea kama yumo ndani ya ulimwengu wa hadithi na anajitaja. Anaweza kuwa mhusika mkuu, anaweza kuwa shahidi anayesimulia ya rafiki yake. Mwambie aandike sentensi mbili tofauti: *anayesimulia ni…* na *hadithi inamhusu…* Majina yakitofautiana, ni shahidi. Na shahidi ana mipaka mikali kuliko wote: ya moyoni mwa rafiki yake hayajui, na yaliyotokea yeye asipokuwepo lazima aambiwe na mtu, asikie mlangoni au asome barua. Waambie wanafunzi watafute jinsi alivyoyapata. Mara nyingi ufundi wa mwandishi umelala hapo.

Mwandishi au msimulizi?

Swali: Binti yangu aliandika "mwandishi anasema aliwahi kufungwa jela" na akakatwa alama. Hadithi inasema "nilifungwa". Kosa lake ni nini? *(Mzazi)*

Jibu: Mzazi, "ni" ile si ya mwandishi, ni ya mtu aliyebuniwa ili asimulie. Mwandishi mtu mzima anaweza kumpa usimulizi mtoto wa miaka tisa. Mwanamke anaweza kuandika "mimi" ya mwanamume. Ukimwambia binti yako aandike "msimulizi" kila anapozungumzia sauti ya hadithi, na "mwandishi" pale tu anapozungumzia uamuzi wa kiufundi (*mwandishi amemtumia msimulizi mtoto ili…*), kosa hilo litakwisha. Tawasifu ni jambo jingine: humo mwandishi na "mimi" ni mtu mmoja.

Kutenganisha huku kunafungua mlango mwingine. Kwa kuwa msimulizi ni mtu wa kubuniwa, anaweza kudanganya, kujidanganya au kutoelewa anachokiona. Mhakiki wa Marekani Wayne C. Booth ndiye aliyempa jina msimulizi asiyeaminika, mwaka 1961. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kumgundua kwa kugawa ukurasa katika safu mbili: kushoto *anachosema*, kulia *kinachotokea*. Msimulizi akisema "sikuwa na hasira naye" kisha kulia kukaandikwa kwamba alimvunjia kikombe, safu zimegombana. Safu zikigombana mara moja huenda ni bahati mbaya. Zikigombana mara tatu, mwandishi amekusudia.

Vipindi vingapi, na vifungu vya urefu gani?

Swali: Nina muda mfupi kabla ya mtihani. *(Mwalimu)*

Jibu: Vinne vya dakika 40 vinatosha kujenga msingi. Cha kwanza ni cha kufunika mazungumzo na kusaka viambishi, kwa vifungu vitatu. Cha pili ni cha rangi mbili, kwa tukio moja lililosimuliwa namna tatu. Cha tatu ni cha kuandika upya, raundi zote mbili. Cha nne wapewe kifungu wasichowahi kukiona, kila mmoja peke yake, na dakika 15 za mwisho muwe mnabishana majibu. Ukikosa muda, punguza cha kwanza. Cha pili usikiguse.

Vifungu viwe vya maneno 80 hadi 150. Chini ya 50, mara nyingi hakuna ushahidi wa kutosha kutenganisha mipaka na umaizi, na mwanafunzi anabahatisha. Zaidi ya 200, muda wote unaliwa na kusoma. Tunga vingine mwenyewe: kifungu ulichokitunga kinaweza kubadilishwa neno moja moja, kama sanduku lake na sanduku langu.

Katika kusahihisha, gawa alama 4: 1 ya nafsi, 1 ya kiasi cha ujuzi, 2 za ushahidi, yaani maneno mawili yaliyonakiliwa kutoka kwenye kifungu. Jibu "ni nafsi ya tatu kwa sababu limetumika neno yeye" lipewe alama 1 tu ikiwa neno "yeye" halimo. Utashangaa ni mara ngapi halimo.

Hadithi ndani ya hadithi

Swali: Hadithi inaanza kwa nafsi ya tatu, kisha mzee mmoja anaanza kusimulia maisha yake kwa "mimi" hadi karibu na mwisho. Nijibu ipi? *(Mwanafunzi)*

Jibu: Zote mbili, kila moja mahali pake. Tabaka la nje lina msimulizi wa nafsi ya tatu, la ndani lina mzee wa nafsi ya kwanza. Kanuni ya kufunika mazungumzo hailegezwi kwa sababu usemi ni mrefu, lakini usemi uliokuwa hadithi kamili una msimulizi wake na unachambuliwa kivyake. Ukipewa kifungu kilichotoka ndani ya masimulizi ya mzee, jibu la kifungu hicho ni nafsi ya kwanza.

Na tamthilia?

Swali: Je, tamthilia nayo ina nafsi ya usimulizi? *(Mwanafunzi)*

Jibu: Kwa kawaida haina. Kuna mazungumzo na maelekezo ya jukwaani, hakuna anayesimulia. Akitokea mhusika anayesimama mbele ya hadhira na kueleza yaliyopita, mchambue huyo kama msimulizi kwa muda anaoeleza tu, na mipaka yake ya kujua uitafute kwa njia zilezile.